Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Ukumbi wa Maonesho Nao ni Maabara

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

Kwa heshima na taadhima, naomba nikuandikie juu ya jengo ambalo aghalabu husahauliwa katika michoro ya vyuo vikuu vyetu, nalo ni ukumbi wa sanaa za maonesho. Wakati huu ambapo vyuo vya umma vinajengewa maabara na madarasa kupitia HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, naomba ukumbi huo nao uhesabiwe kuwa maabara.

Mimi nilisoma sheria, ila muhula mmoja nilijiunga na kikundi cha maigizo chuoni. Mazoezi tuliyafanyia katika ukumbi wa mihadhara wenye viti vilivyokazwa sakafuni, tukipigana vita vyetu katika nafasi ya hatua tatu mbele ya ubao, hadi mlinzi alipokuja na funguo zake. Nilipewa nafasi ya mzee wa baraza mwenye maneno machache, na mwongozaji akanirudisha katika sentensi moja jioni nzima mpaka nikatambua kuwa yule mzee hakuwa mwongo, bali alikuwa na hofu. Somo la sheria ya ushahidi nililifaulu, lakini kumsikiliza shahidi nilijifunzia pale. Mwenzetu wa uhandisi, aliyekuja kutusaidia taa tu, alijikuta akikokotoa mzigo ambao nyaya kuukuu zingeweza kuubeba, huku watazamaji wakiwa wamekwisha kuketi.

Ebrahim Hussein, aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Mwanafunzi anayetaka kuiigiza hana budi kuchimbua kwa nini wapiganaji wa Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, waliyaamini yale maji ya kuwakinga na risasi, kisha asimame kwa miguu yake na kuyaamini mbele ya hadhira. Jambo hilo haliwezekani kwa kukariri maandalizi ya mtihani.

Najua nitajibiwa kuwa fedha ni chache na ukumbi ni anasa. Hatuombi mapazia ya mahameli. Kwa maoni yangu, ngoma, majigambo na utambaji wetu hukaa vizuri zaidi katika uwanja wa duara kuliko katika jukwaa lililofungwa pande tatu, na uwanja wa namna hiyo, ukiwa na paa, sakafu ya mbao, taa zinazorekebishika, stoo ya maleba na fundi mmoja wa kudumu, hauhitaji makuu.

Ninaomba, Mheshimiwa, uvielekeze vyuo viuingize ukumbi huo katika mipango ya ujenzi ijayo, na wanafunzi wa fani zote waruhusiwe kuyasoma maonesho kama kozi ya hiari yenye alama, ili yule wa uhandisi asije tena kwa kuibia muda.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhitimu wa sheria