Dada wa Kisumu, barua zangu zimeshuka

Dada uliyekaa nami mkahawani karibu na Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, jina lako sikuliuliza, na hilo linanikera hadi leo. Asante sana.

Siku nne kifaa changu cha nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, kilikuwa kimegoma kushusha baruapepe. Kila nikijaribu, vipini vidogo vinavyounda herufi vinapanda chini ya vidole na ujumbe uleule: muunganisho umeshindikana. Nilishabadilisha nywila mara mbili, nikanunua bando jingine, nikamshuku hata mtoto wa jirani, maskini. Wewe hukuninyang'anya kifaa mkononi kama wengi wanavyofanya wakidhani wananisaidia. Uliuliza tu, "Kaka, hebu nisomee tarehe."

Nikasoma: 1 Januari 2000.

Kumbe betri ilipokwisha kabisa, saa nayo ilirudi mwanzo. Ukanieleza kwamba seva, kompyuta inayotunza barua zangu, hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kifaa kinachoamini tuko mwaka 2000 huona cheti hicho hakijaanza kazi, basi kinafunga mlango. Poti 993 (njia ambayo kifaa hupitia kuchukua barua kwenye seva), nywila, bando, vyote havikuwa na kosa! Tukarekebisha tarehe, nikabonyeza, na vipini vikaanza kutembea. Barua 37. Ya kwanza ilitoka kwa mweka hazina wa chama chetu, akiuliza mbona nimenyamaza.

Nilipotaka kulipia chai, mhudumu akasema umeshalipa zote mbili. Ukisoma haya, nina deni lako la chai na mandazi mawili.