Nia njema nayo iingizwe kwenye hesabu

Mhariri,

Kurasa za ujasiriamali magazetini zina ushauri mmoja unaorudiwa kila mara: tazama shida iliyokusumbua mwenyewe, igeuze biashara, usaidie wengine. Ushauri si mbaya. Kasoro yake ni kwamba huishia pale kazi inapoanza, na wengi wanaoufuata hukwama kwa sababu hawakuipigia hesabu hiyo nia yao. Naomba nafasi nichukue mfano mmoja tu, sabuni ya kipande kwa watu ambao ngozi yao huwasha upesi.

Mzazi aliyekesha na mtoto mwenye ukurutu anajua mambo ambayo kiwanda hakiyajui: saa ambazo mtoto hujikuna zaidi, sabuni iliyomwacha mkavu, ile iliyomtoa vipele. Lakini hiyo ni ngozi moja. Kabla ya kununua hata ndoo, azungumze na watu 20 hivi wasio ndugu wala marafiki, na asiwaulize "ungeinunua?", maana watu wana adabu na watajibu ndiyo. Aulize: mara ya mwisho ngozi ilipowasha ulifanya nini? Ulinunua nini? Mbona uliacha kukitumia? Mtu ambaye hajawahi kutoa senti kwa ajili ya shida hiyo hataanza kutoa kwako.

Kwenye utengenezaji, kila kitu kipimwe kwa mizani, maji yakiwemo. Chukua kilo 1 ya mafuta: gramu 300 za nazi na 700 za zeituni. Kila gramu ya mafuta ya nazi huhitaji kama gramu 0.183 za kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na ya zeituni kama 0.135, kwa hiyo jumla ni 149.4. Punguza asilimia 5 ili yabaki mafuta kidogo ambayo hayajageuka sabuni. Utapata gramu 142, uziyeyushe katika gramu 284 za maji. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, la sivyo huchemka ghafla na kurusha. Vaa glavu na miwani, na usitumie sufuria ya alumini kwa kuwa soda huila. Ukizidisha nazi, povu linapendeza lakini ngozi inakauka. Manukato, hata yale yanayoitwa ya asili, huwawasha baadhi ya watu, na kwa wateja hawa ni heri kuyaacha kabisa. Tena usiandike kwenye karatasi ya kufungia kwamba sabuni inatibu ukurutu. Katika nchi nyingi, ukisema hivyo umeshatangaza kuwa unauza dawa, na masharti ya dawa ni mengine.

Mchanganyiko huo una gramu 1,426, nao hutoa vipande 12 vya gramu 115 hivi. Kinachobaki ni makombo. Vipande hukaa rafuni wiki 4 hadi 6 vikikauka na kupungua uzito, kwa hiyo gramu za kuandika ni zile za siku ya kufunga, si za siku ya kukata.

Rafu hiyo ndiyo inayowamaliza wengi. Ukitaka kuuza vipande 100 kwa wiki, na kila kimoja kikae wiki 5, maana yake vipande 500 umeshavigharamia kabla ya kuuza cha kwanza. Duka likichukua kwa mali kauli na kulipa baada ya wiki 4, ongeza 400. Hapo fedha ya vipande 900 imelala. Oda zikiongezeka maradufu, nayo inayolala inaongezeka maradufu, ndiyo maana kuna biashara zinazofungwa katika mwezi uliouza kuliko yote.

Sasa ile nia yenyewe. Mtindo unaosifiwa sana ni wa kutoa kimoja kwa kila kimoja kinachouzwa. Kampuni ya viatu ya TOMS ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilijulikana duniani kwa mtindo huo, na baadaye ikauacha ikahamia kutoa sehemu ya faida. Tuseme bei ya kipande ni 100, na malighafi, kifungashio pamoja na ujira ni 55. Umebaki na 45. Ukitoa kipande cha bure, nacho kimekugharimu 55, umeshapoteza 10 kabla ya kulipa pango na usafiri. Ukitoa 1 kwa kila 10 vinavyouzwa, gharama yake ni 5.5 kwa kila kinachouzwa, na unabaki na 39.5.

Gharama za kudumu za mwezi zikiwa 6,000, utahitaji kuuza vipande 152 ili zirudi. Hiyo ni ukiuza mwenyewe kwa mkono wako. Duka likitaka punguzo la asilimia 30, unapokea 70, unabaki na 9.5, na vipande vinavyohitajika vinakuwa 632. Bidhaa ni ile ile na msaada ni ule ule, ila njia ya kuuzia imebadilika. Anayetarajia kuuza madukani apange bei ya duka tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuipandisha baadaye mbele ya wateja uliowaambia unawahurumia ni kazi ngumu mno.

Ujira nimeutaja makusudi. Wengi wenye biashara za namna hii huandika sifuri mahali pa ujira wao, eti wanajitolea. Wanapokuja kuajiri mtu wa kukata na kufunga, ndipo wanagundua kuwa bei yao ilisimama juu ya kazi ya bure.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mnapomhoji mwenye biashara ya aina hii, pamoja na kumuuliza nini kilimsukuma, muulizeni pia kipande kimoja kinamgharimu kiasi gani, ujira wake umo au haumo, na maduka humlipa baada ya siku ngapi. Kisha chapisheni majibu yake jinsi alivyoyatoa.

Msomaji wenu