Usiseme "Alikubali Mwenyewe"

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno tangu uliponipigia kunieleza kuwa umekuwa mkuu wa idara, na kwamba orodha ya mishahara ya watu 14 sasa inapita mikononi mwako kabla ya kwenda kwa mhasibu. Nilikupongeza, nikakuombea, kisha nikakuuliza swali moja: wanawake wa idara yako wanalipwa sawa na wanaume? Ukanijibu papo hapo: "Mama, kwetu hakuna mambo hayo. Kila mtu analipwa kile alichokubali mwenyewe siku ya kuajiriwa."

Jibu hilo limeninyima usingizi siku tatu. Kwenye simu nilinyamaza kwa sababu ningesema vibaya. Nimeona niandike, maana jambo hili nimeliishi kwanza, nikaja kulisoma baadaye, na wewe hujawahi kunisikia nikilisimulia lote.

Unajua nilifanya kazi stoo. Nilikuwa mwaka wa saba pale nilipoletewa kijana wa kumfundisha. Kijana mwenye adabu, msikivu, simsemi vibaya hata leo. Nikamfundisha kupokea mzigo, kulinganisha ankara na kilichoshushwa, kujaza kadi za bidhaa, kufunga hesabu za mwezi. Ikapita kama miezi minne. Asubuhi moja nikafungua leja pale alipoishia jana yake, nikakuta ameweka karatasi iliyokunjwa asipoteze ukurasa. Nikaikunjua nikidhani ni ankara iliyosahaulika. Ilikuwa slipu yake ya mshahara.

Niliisoma mara mbili. Penye nne yangu, yeye alikuwa na tano. Chini yake kulikuwa na posho ya nyumba, ambayo mimi sikuwahi kuipata hata mwezi mmoja. Nikaikunja vilevile ilivyokuwa, nikairudisha, nikaanza kuandika mapokezi ya siku. Mkono ulikuwa unatetemeka, tarakimu zote za ukurasa ule zikaenda kombo.

Baada ya wiki nikapiga moyo konde, nikaenda kwa bosi. Hakunigombeza. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole: "Yule kijana anajiandaa kuoa, majukumu yanamjia. Halafu mama, mshahara huu si uliukubali mwenyewe?" Wewe ulikuwa na miaka sita wakati huo. Baba yako alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, na bosi huyo alikuja mazishini. Alijua nani ananitegemea. Na bado, kichwani mwake mwenye majukumu alikuwa mwanaume ambaye hata mke hajampata.

Nakwambia haya ili uone kwamba hakuwa mtu katili. Alikuta orodha imepangwa hivyo, akaitia sahihi kila mwezi. Maneno yake ya mwisho ndiyo uliyoniambia wewe kwenye simu.

Sasa hebu tuyachambue. Nilikubali nini? Nilikubali tarakimu moja niliyotajiwa nikiwa nimesimama mbele ya meza, bila kujua mwanaume angetajiwa ipi. Mtu hawezi kukubali pengo asilolijua lipo. Na kama ningelijua, ningekuwa na nafasi gani ya kukataa, nikiwa na mtoto na kodi ya nyumba? Kukubali kwa mwenye shida ni kitu chepesi mno kukibebesha uzito wote huo.

Sheria imelitazama jambo hili muda mrefu kabla yetu. Kule Marekani kampuni ya vioo ya Corning ilikuwa na wakaguzi wa vioo, wa mchana wanawake, wa usiku wanaume. Zamu ya usiku ilipoanza, sheria za wakati ule hazikuruhusu wanawake kufanya kazi usiku, kwa hiyo wakachukuliwa wanaume waliokuwa kwenye kazi nyingine humo humo kiwandani. Wanaume hao wakakataa kukagua kwa ujira wa wanawake, wakadai zaidi, wakapewa. Kazi ni ileile: kushika kioo, kukitafuta ufa, kukipitisha au kukitupa. Mwaka 1963 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya malipo sawa, kesi ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1974. Mahakama ikasema kwamba pengo lile lilitokana na soko la ajira ambamo kampuni iliweza kumpata mwanamke kwa bei ya chini kuliko mwanaume. Kiuchumi inaeleweka kwa nini kampuni ilitumia nafasi hiyo, lakini tangu sheria ilipopita, kuendelea nayo ni kosa. Soma tena hapo, mwanangu. Soko lilikubali, wale wanawake walikubali, na bado ikawa kosa.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Kwa sheria yao ya mwaka 1970, ambayo sasa imo ndani ya sheria ya usawa ya 2010, kila mkataba wa kazi unahesabiwa kuwa na kifungu cha usawa wa jinsia hata kama hakuna aliyekiandika. Mwajiri anaweza kumpa mwanamke karatasi yenye tarakimu ndogo, naye akaitia sahihi mbele ya mashahidi. Ikithibitika kuwa mwanaume wa kazi ileile anapata zaidi, na mwajiri hana sababu ya kweli isiyohusu jinsia, sheria inaifuta ile tarakimu ndogo na kuweka kubwa mahali pake.

Kila nchi ina maneno yake, na nakuomba utafute sheria ya kazi ya hapo ulipo uisome mwenyewe, usisubiri kusomewa na mwanasheria wa kampuni. Lakini mzizi ni mmoja. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 23, linampa kila mtu haki ya ujira sawa kwa kazi iliyo sawa, bila ubaguzi. Shirika la Kazi Duniani likafuata na Mkataba Namba 100 wa mwaka 1951, ambao nchi zaidi ya 170 zimeuridhia. Mkataba huo haukuishia kwenye "kazi ileile", ulisema "kazi yenye thamani sawa". Tena ujira kwa mkataba huo ni mshahara pamoja na kila kinachoandamana nao, cha fedha au cha vitu. Ile posho ya nyumba, basi, nayo imo.

Kwenye hayo maneno "thamani sawa" nataka ukae kidogo, kwa sababu najua utakachoniambia: wanawake wa idara yangu hawafanyi kazi moja na wanaume. Julie Hayward alikuwa mpishi kwenye kantini ya kiwanda cha meli cha Cammell Laird, huko Uingereza. Akadai kwamba kazi yake ina thamani sawa na ya mpaka rangi, ya seremala, na ya fundi wa kufunika mabomba yasipoteze joto. Watu walishangaa: sufuria na meli wapi na wapi? Akateuliwa mtaalamu huru, akapima ujuzi unaohitajika, juhudi za mwili na akili, wajibu anaoubeba mtu, na mazingira anayofanyia kazi, akakuta thamani ni sawa. Kampuni ikajitetea kuwa Julie ana siku za ziada za likizo na malipo bora akiugua, kwa hiyo ukijumlisha yote hajapunjwa. Mwaka 1988 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikakataa. Mshahara unapimwa na mshahara, likizo na likizo. Huwezi kumpunja mtu huku ukamfidia kule kwa kitu ambacho hakukuomba.

Kwa hiyo ukitazama orodha yako, usiangalie majina ya vyeo tu. Vyeo huwa vinabuniwa. Mimi niliitwa "karani wa stoo" na yule kijana akaitwa "msimamizi msaidizi wa stoo", na meza yetu ilikuwa moja, leja moja, kalamu tulikuwa tunaazimana.

Kuna ubaguzi mwingine unaovaa nguo ya usawa, nao ni mgumu zaidi kuuona. Kanuni inawekwa kwa wote, haitaji mwanamke wala mwanaume, ila ikishuka chini inawaangukia wanawake. Ujerumani kulikuwa na duka kubwa, Bilka, lililowanyima mafao ya uzeeni wafanyakazi wa sehemu ya siku wasiotimiza miaka kadhaa ya kazi ya siku nzima. Wengi wa hao walikuwa wanawake. Mwaka 1986 Mahakama ya Ulaya ikasema kanuni ya namna hiyo ni ubaguzi, isipokuwa mwajiri aoneshe kwamba ina haja ya kweli ya kibiashara. Wewe angalia bonasi zenu. Kama bonasi inakwenda kwa "wanaobaki hadi saa mbili usiku", jiulize nani anabaki na nani anakimbilia mtoto.

Sisemi kila tofauti ni dhuluma. Mwenye miaka mingi kazini anaweza kulipwa zaidi, na mwenye zamu ya usiku, na anayezalisha zaidi kwa kipimo kinachoonekana. Sheria inakubali hayo yote. Inachokataa ni sababu inayotafutwa baada ya swali kuulizwa. Danfoss ya Denmark iliwaongezea watu mishahara kwa mtindo ambao hakuna aliyeweza kuuelewa, na wastani wa wanawake ukatokea chini. Mwaka 1989 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mfumo ukiwa na giza namna hiyo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia mwajiri. Kwa hiyo sababu iandike siku unapotoa uamuzi. Na ukikuta umeshindwa kuiandika, umeshajijibu.

Halafu giza lenyewe. Usiwakataze watu wako kutajiana mishahara. Lilly Ledbetter alifanya kazi kwenye kiwanda cha matairi cha Goodyear, jimbo la Alabama huko Marekani, tangu 1979 hadi 1998. Aligundua mwishoni kabisa, kwa karatasi isiyo na jina aliyowekewa na mtu. Yeye alipata dola 3,727 kwa mwezi. Mwanaume wa chini kabisa wa ngazi yake alipata 4,286, wa juu 5,236. Akashtaki, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ikamwambia, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba amechelewa: alipaswa kulalamika ndani ya siku 180 tangu mshahara ulipoamuliwa, yaani wakati ambao hakuwa na njia ya kujua. Bunge lilirekebisha sheria mwaka 2009 na kuipa jina lake, ili kila malipo yenye ubaguzi yaanze kuhesabu siku upya. Yeye mwenyewe hakuambulia kitu kwenye kesi ile.

Niliposoma habari zake nililia, na sikulia kwa ajili ya mshahara. Nililia kwa ajili ya uzeeni. Nyongeza yetu ya kila mwaka ilikuwa ya asilimia, wote asilimia ileile, na kila mtu akaiona haki. Lakini tano kwa mia ya nne na tano kwa mia ya tano si kitu kimoja. Kila mwaka tuliongezwa sawa, kila mwaka pengo likapanuka. Nilipoondoka pale, kiinua mgongo kikapigwa kwa mshahara wa mwisho. Hizo dawa za presha unazoninunulia kila mwezi bila kulalamika, Mungu akubariki, sehemu yake ilibaki kwenye leja ile.

Kwa hiyo mambo machache ninakuomba. Ukiajiri, usimuulize mtu alikuwa analipwa ngapi alikotoka. Swali hilo linabeba dhuluma ya ofisi moja na kuileta kwenye nyingine, na Umoja wa Ulaya umelipiga marufuku katika agizo lake la 2023. Panga ujira wa kazi kabla hujaona uso wa mwombaji. Mwanamke mwenye mimba usimhesabu kama hasara ya mwaka kesho. Akija mtu kukuuliza kuhusu malipo yake, usimhamishe wala kumnunia, maana kulipiza kisasi nako ni kosa. Na ukikuta pengo, lizibe kwa kupandisha wa chini. Usimshushe mwanaume aliye juu, sheria ile ya Marekani ya 1963 imekataza hivyo waziwazi, na mimi pia nakukataza. Yule kijana wangu hakuniibia kitu.

Najua bajeti si yako peke yako, na wakubwa wako watakuuliza kwa nini unachokonoa. Waambie unawaepusha na kesi. Wakikataa, andika kwamba ulisema.

Mwisho, yule dada uliyenitajia, uliyesema ni hodari na hana makuu, hajawahi kuomba nyongeza. Uliniambia pia, bila kujua umesema nini, kwamba ndiye anayewafundisha wote wanaoingia. Kesho fungua orodha. Weka rula chini ya mstari wake, kisha ishushe hadi kwenye mstari wa mwanaume wa mwisho aliyemfundisha. Nipigie jioni hiyo hiyo, hata ukichelewa kutoka. Nitakuwa macho.

Wasalaam,
Mama yako