Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Tembo wa Tunduru Wako Kwao

Mheshimiwa Waziri,

Kila mahindi yanapokomaa tunasikia kwamba tembo wametoka hifadhini wakaingia wilaya zetu za Tunduru na Namtumbo. Hawajatoka popote. Kati ya pori la akiba la Selous na hifadhi ya Niassa, Msumbiji, kuna zaidi ya kilomita 150 za miombo, mabonde ya majani na mito ambayo kiangazi hubaki madimbwi. Hayo ndiyo makazi yao. Wako wanaovuka mto Ruvuma mpakani, na wako wanaokaa humu humu mwaka mzima.

Ujangili uliwashusha tembo wa Selous kutoka takriban 109,000 mwaka 1976 hadi kama 13,000 mwaka 2013. Ulipodhibitiwa, wakaanza kurudi katika mapito yao. Nasi katika miaka ile walipoadimika tulilima: mpunga mabondeni, ufuta, mahindi, mikorosho. Bibo likiiva tembo hulinusa toka mbali, wala hasubiri kukaribishwa. Mifugo nayo imeshuka kusini kwa wingi na inagombea maji yaleyale.

Sisemi vijiji havijafanya kitu. Nalika, Mbarang'andu, Kimbanda, Kisungule na Chingoli ni jumuiya za hifadhi za wanyamapori zilizozaliwa na ardhi ya vijiji vyenyewe, jambo ambalo nadhani Dodoma husahaulika upesi. Tatizo ni vipande vilivyobaki katikati. Humo ndimo mtu anapewa ekari kumi na serikali ya kijiji kihalali kabisa, anajenga, anapanda mikorosho, na hakuna aliyemwambia kwamba hapo ni njia ya tembo. Akiharibiwa shamba anaambiwa asubiri kifuta jasho, yaani malipo ya pole ya serikali. Akifiwa, kifuta machozi. Korosho huchukua miaka mitatu au zaidi kuanza kuzaa; mkorosho uliong'olewa haufutiki jasho lake kwa msimu mmoja.

Helikopta za kuwafukuza tunazishukuru, lakini zinawahamishia jirani. Matambara ya oili chafu na pilipili yanayotundikwa kuzunguka shamba husaidia kwa mkulima mwenye nguvu ya kuyaloweka upya kila mara, hasa baada ya mvua.

Ombi langu ni hili: Kanuni za shoroba, yaani mapito ya wanyamapori, zipo tangu 2018. Zitumike huku. Mapito yapimwe, yawekewe alama, yaingizwe katika mipango ya matumizi bora ya ardhi kabla ya kijiji kugawa ekari nyingine hata moja, na aliyekwisha kujenga njiani alipwe ahame kwa heshima, asivunjiwe. Malipo ya kifuta jasho yafike kabla ya msimu wa kupanda.

Wapimaji wasije masika, watakwama na wataona majani tu. Waje kati ya Septemba na Novemba, tembo wakiwa wamebanwa na maji. Waanze kwa askari wa wanyamapori wa vijiji. Wanavijua vivuko vyote vya Ruvuma.

Wako,
Mkulima wa korosho, Tunduru