Aliyetunga penalti alikuwa kipa

Mwanangu Zawadi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote wazima. Mama yako amenisimulia fainali yenu na lile tuta la dakika za mwisho. Eti umeapa kuwa aliyetunga sheria ya penalti ni straika mwenye chuki na makipa. Hapana. Alikuwa anakaa golini kama wewe.

Aliitwa William McCrum, mtoto wa tajiri mwenye kiwanda cha kitani kijijini Milford, Ireland, na alidakia timu ya hapo. Msimu wa 1890/91, ligi ya Ireland ilipoanza, timu hiyo ilicheza mechi 14 ikafungwa zote. Kazi ya kutazama mpira ukija kwake aliijua! Enzi hizo beki akizidiwa anampiga mtu mtama, au anaunawa mpira makusudi, na adhabu ni faulo ya kawaida tu, hata kama goli lilikuwa wazi. McCrum aliona huo ni wizi, ingawa uliwaokoa makipa.

Pendekezo lake lilipofikishwa kwa wakubwa wa soka mwaka 1890, walihamaki: waungwana hawachezi rafu kwa kukusudia! (Mimi hapo hucheka.) Kisha Februari 1891, Stoke wakiwa nyuma kwa bao 1 dhidi ya Notts County katika Kombe la FA, beki wa County akaunawa mpira uliokuwa unaingia. Stoke wakapewa faulo karibu kabisa na mstari, kipa akasimama mbele ya mpira, ukamgonga, mechi ikaishia hapo hapo 1-0. Tarehe 2 Juni mwaka huo, huko Glasgow, penalti ikapitishwa.

Na ungeipenda ya wakati ule. Mpigaji aliweka mpira popote kwenye mstari wa yadi 12, lakini kipa aliruhusiwa kumfuata hadi yadi 6 kutoka golini. Nukta ilikuja 1902. Mwaka 1905 ndipo kipa alipofungiwa kwenye mstari wake. Kwa hiyo ukitaka kumlaumu mtu, walaumu hao wa 1905, McCrum muache.

Siku hizi mguu mmoja tu ndio lazima uwe usawa wa mstari mpira unapopigwa. Mwalimu wenu anasema wewe hutoka na yote miwili. Lifanyie kazi hilo kabla ya ligi ya mkoa. Glavu nitazituma kwa basi la Ijumaa.

Baba yako