Shukrani kwa dada niliyeketi naye kwenye ndege

Dada yangu, jina lako sikulipata, lakini asante sana. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya ndege, nawe hukuniacha nihangaike tulipotua. Ulinionyesha foleni ya uhamiaji, ukaniambia nishike mkononi pasipoti na anwani ya ninakofikia. Kwenye mkanda wa mizigo ukanifundisha jambo ambalo kila msafiri mgeni anapaswa kulijua: linganisha namba ya kile kikaratasi ulichopewa ulipokabidhi begi na ile iliyobandikwa kwenye begi lenyewe, maana mabegi hufanana mno. Lisipotokea, toa taarifa palepale ukumbini, kabla hujapita forodha. Uliyafanya yote hayo huku wenyeji wako wakikungoja nje. Mungu akubariki, dada.