Waliotoka mahabusu waitwe tangu dodoso linapoandikwa

Mhariri,

Ripoti ya Tume ya Rais ya haki jinai Tanzania, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhiwa Julai 2023. Kila anayetaka kupima kama mambo yamebadilika tangu hapo tunamuomba jambo moja: waliowahi kuwa mahabusu au wafungwa wawe ndani ya timu ya utafiti tangu maswali yanapotungwa. Kuwaita siku ya warsha watoe ushuhuda, kisha kuwapa soda na nauli, hakutoshi.

Chukua swali la muda wa kukaa rumande. Mtafiti huenda masijala, hufungua jalada na kuhesabu kuanzia tarehe ya mashtaka. Lakini kesi ya mauaji huanzia mahakama ya chini kwa namba ya uchunguzi wa awali, ile inayoitwa P.I., kisha hupewa namba nyingine ikifika Mahakama Kuu. Na Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa shauri, imetokea mara nyingi mshtakiwa kukamatwa tena pale pale mahakamani na kufunguliwa jalada jipya. Mtu mmoja, namba tatu. Jalada la mwisho likionyesha miezi minane, yeye huenda amepanda karandinga miaka minne. Aliyepita gereza la Keko au Segerea anajua cha kuuliza: uliingia lini mara ya kwanza, namba ilibadilika mara ngapi, na kati ya namba na namba ulilala nyumbani hata siku moja? Maswali hayo matatu yanaweza kugeuza matokeo ya utafiti mzima.

Rufaa nayo ni hivyo hivyo. Anayetoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu ana siku 10 za kutoa kusudio la kukata rufaa na siku 45 za kuwasilisha sababu, muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu ukiwa hauhesabiwi. Aliye gerezani huwasilisha kupitia mkuu wa gereza, na mara nyingi sababu zake huandikwa na mfungwa mwenzake anayeijua kalamu. Dodoso lenye "Ulikata rufaa?", ndiyo au hapana, litamhesabu kuwa ameridhika na hukumu mtu ambaye alikuwa bado anasubiri nakala.

Yapo pia yanayoharibika. Aliyekuwa nyapara, yaani mfungwa aliyepewa kuwasimamia wenzake, asipangiwe kuwahoji watu wa selo yake. Ukubwa ule humfuata hadi uraiani, nao watamjibu anachopenda kusikia. Mhoji aliyepitia yale yale huwa na haraka ya kummalizia mwenzake sentensi, kwa hiyo mafunzo yasipungue siku 5, na mbili kati ya hizo ziwe za kuhojiana na kusikiliza tena sauti zilizorekodiwa. Wawe wawili au zaidi, maana mmoja akikaa peke yake kati ya wasomi sita atanyamaza. Swali la "Ulifanya kosa gani?" lifutwe kabisa. Inatosha kuandika alishtakiwa kwa kosa gani, kwani rufaa yake inaweza kuwa bado ipo mahakamani.

Kwenye malipo ndiko timu nyingi hukwama. Taasisi hutaka akaunti ya benki, namba ya mlipakodi na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Hata laini ya simu husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole. Aliyetoka baada ya miaka saba anaweza asiwe na hata kimoja. Utengwe mwezi mzima kabla ya kazi kumsaidia kufuatilia kitambulisho, na wiki za mwanzo alipwe taslimu kwa kusaini. Kiwango kiwe kile kile cha watafiti wasaidizi wengine. Sharti la cheti cha polisi cha tabia njema liondolewe kwenye tangazo, kwa sababu linawafukuza wale wale wanaotafutwa.

Kibali cha kuingia gerezani kinaweza kumkataa yeye na kuwakubali wenzake. Hilo liandikwe mapema kwenye ombi la kibali cha maadili, apangiwe mahojiano ya nje na uchambuzi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za makosa kwenye kundi la taarifa nyeti. Aliyekubali kuhojiwa hajakubali picha yake ichapishwe. Aonyeshwe ukurasa wenyewe kwanza, na akikataa iwe imeisha. Ana watoto wanaosoma shule ya mtaani hapo.

Kamati za kusukuma mashauri hukutanisha mahakama, polisi, waendesha mashtaka na magereza. Tunaomba kila mkoa ualike watu wawili, mwanamke na mwanamume, waliotoka mahabusu ndani ya miaka mitatu iliyopita. Wapewe ajenda wiki moja kabla, walipwe posho ya kikao kama wajumbe wengine, na waliyoyasema yaingie kwenye muhtasari kwa maneno yao.

Watafiti na wasaidizi wa kisheria,
Dar es Salaam